Mbuzi wa Pole na Gari la Krimu

Majina ya watu wote walioingia katika habari hii ninayo kichwani, kuanzia dereva wa lori mpaka yule msichana wa kupiga picha, na hata jina la baba yake, kwa sababu nilimwuliza. Shule nilisoma kidogo tu, nikatolewa nikalee wadogo zangu, basi vitu vyangu vyote vinakaa kichwani. Lakini hapa sitamtaja mtu. Wengine bado tunakutana sokoni Machakos.

Gari lenyewe lilikuwa la mume wangu. Alikuwa dereva wa Mhindi mmoja mwenye duka la vyuma mjini, na Mhindi alipohamia ng'ambo na jamaa yake, akamwuzia gari alilokuwa akimwendesha miaka yote hiyo. Lilikuwa gari la Kifaransa, rangi ya krimu, viti vyekundu, gia iko kando ya usukani. Mume wangu alilipata likiwa limeshazeeka kidogo, akakataa lizeeke zaidi. Kila asubuhi alitoka na kikombe cha maji ya moto, akanyoa ndevu kwa kioo cha pembeni cha gari. Nyumbani tulikuwa na kioo kizuri tu ukutani. Hapana, kioo chake kilikuwa kile.

Nusu ya maharusi wa kilima chetu walienda kanisani ndani ya gari hilo. Bei hakuwatoza. Masharti ndiyo alikuwa nayo. Bibi harusi aingie polepole, na mashangazi wasile njugu ndani.

"Harusi bila njugu ni harusi gani?" shangazi mmoja alimwuliza siku moja, mdomo umejaa.

"Ni harusi ya kwenda kwa miguu, mama," akamjibu, akamfungulia mlango ashuke.

Basi miaka ya tisini ikielekea kwisha, akaenda Kinanie kumwona binti yetu aliyeolewa huko. Alipokuwa akirudi, lori la ng'ombe likatoka kwenye barabara ya vumbi, likaingia lami bila kusimama, likamgonga ubavuni, upande wake wa dereva. Yeye mwenyewe alikuwa akisema mlango ulimjia kama mgeni mwenye haraka. Nyonga ikavunjika. Gari likavutwa mpaka kituo cha polisi, mume wangu akapelekwa hospitali, akalala huko mguu umefungwa kwa kamba na kuning'inizwa mawe, hata nikazoea njia ya kwenda kumwona kama njia ya kisimani.

Aliporudi nyumbani, daktari alikuwa amesema mfupa umeshika. Sasa atembee. Asipotembea, mguu utakauka na hatainuka tena. Alisema hivyo mbele yangu, nami nikarudia mbele ya watoto ili wote tusikie.

Mume wangu hakutaka kutembea. Nilikuwa namtoa nje asubuhi, namkalisha kwenye kiti, anageuka kutazama banda la gari. Banda lilikuwa tupu, kuku wameshaanza kutaga ndani. Ndevu zikaota nyeupe mpaka shingoni. Namwambia, "Baba watoto, simama kidogo, twende mpaka kwenye mwembe pale." Ananiambia, "Niende huko nikafanye nini?" Mwana wetu mkubwa akaleta gongo zuri la mzambarau, baba yake akalilaza magotini kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe ashike.

Hapo ndipo nilipojua kwamba gari lisiporudi, na yeye harudi. Sikumwambia mtu. Nilianza tu kulifuatilia gari.

Mwenye lori alikuwa Msomali, mfanyabiashara wa mifugo, anaishi mjini kwetu miaka mingi, watoto wake wamezaliwa hapo na Kikamba wanakijua kuliko wajukuu zangu wa Nairobi. Mtu mwingine angekaa kimya angoje mahakama. Yeye alikuja. Alikuja na dereva wake, kijana amekonda kwa woga, na ndugu yake mkubwa, na mbuzi dume mweupe mwenye madoa.

Kwetu, mtu akikuumiza, hata kama hakukusudia, anakuja na mbuzi. Wazee wa pande zote wanakaa, mbuzi anachinjwa, aliyeumiza na aliyeumizwa wanakula pamoja. Mkishakula hivyo, hakuna kununiana tena. Ukikutana naye njiani unamsalimu. Mtoto wako akitaka kuoa kwake, hakuna wa kufukua maneno. Huyu mtu wa mifugo alikuwa amekaa kwetu vya kutosha kulijua hilo, wala hakutumwa na yeyote.

Kulikuwa na ubishi mdogo, nani achinje. Shemeji yangu, ndugu mkubwa wa mume wangu, akaumaliza. "Achinje yeye kwa njia yake. Akichinja yeye tutakula sote. Tukichinja sisi, atakaa hapo atutazame meno."

Basi akachinja, akataja jina la Mungu, tukachoma. Dereva aliketi karibu na mume wangu. Mkono ulikuwa unamtetemeka, nyama ikamwanguka chini.

"Kijana," mume wangu akamwambia, "na usukani unaushika hivyo hivyo?"

Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Yule kijana akacheka, kisha akalia, kisha akala. Siku hiyo mume wangu aliongea kuliko miezi yote iliyopita. Nikadhani tumevuka. Kesho yake akarudi kutazama banda.

Sasa, bima. Gari letu lilikuwa na ile bima ndogo ya kulipa wengine tu. Aliyetakiwa kutulipa ni kampuni ya bima ya lile lori, yenye ofisi yake Nairobi. Mwana wetu akapeleka karatasi za polisi, tukangoja, na baadaye wakamtuma asesa, yaani mtu wa kukagua gari na kusema limeharibika kiasi gani. Nilitarajia mwanamume wa tai. Akashuka msichana amevaa suruali na viatu vya raba, kamera shingoni.

"Sasa shosho," akanisalimia.

"Shosho ni nyanya wa Kikuyu, mwanangu. Hapa mimi ni susu."

"Pole, susu. Sikosei tena." Na kweli kwangu hakukosea tena. Alikuwa mtoto mzuri.

Alikuwa amelipiga gari picha kule polisi, akaja nyumbani kuongea na mume wangu. Nikampa chai. Akauliza ajali ilivyokuwa, mume wangu akaeleza vizuri, lami, vumbi, lori. Halafu, jinsi alivyo mtu wa kusifu watu, akaongeza, "Lakini mwandike kwamba mwenye lori ni muungwana. Alikuja mwenyewe, akasema kosa ni la kijana wake, akaleta mbuzi, tukala. Mambo yale yaliisha."

Msichana akaacha kunywa chai. "Yaliisha, guka?" Akakumbuka guka ni babu wa Kikuyu, akajirudi haraka. "Yaliisha, mzee?"

"Kabisa. Hatuna neno."

Akaandika. Nilimwona anaandika huku anamtazama mume wangu kwa huruma, nikashangaa anahurumia nini. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitingisha kichwa kukubali, nikimwongezea maziwa.

Jibu la kampuni lilipokuja, mwana wetu alinisomea mara mbili. Walisema hawatalipa. Kwanza, mteja wao alikubali kosa bila ruhusa yao, na katika bima hilo ni mwiko. Pili, sisi wenyewe tumesema tumeshapatana na mambo yameisha. Kwa hiyo hawana deni kwetu. Chini yake walisema gari liondolewe polisi, ama litauzwa kama chuma chakavu.

"Mama, ni yule mbuzi," mwana wetu akasema. "Mmekula gari."

Mume wangu alisikia kutoka kitini. Jioni hiyo alikataa chakula, na gongo la mzambarau likaanguka chini na hakuliokota.

Mwana wetu alikuwa na wakili rafiki yake. Wakili akasema iko njia: tuandike kwamba hatukumpokea yule Msomali, kwamba alikuja kwa nguvu zake na mbuzi wake, na sisi hatukukubali chochote. Tuweke sahihi, na mimi kidole gumba, kisha twende mahakamani.

Nilikaa na neno hilo siku nzima nikichambua maharagwe. Huyo mtu amekaa kwenye viti vyangu. Yule kijana alilia mbele ya moto wangu na akanyamaza akiwa na amani. Nikiandika kwamba hawakupokelewa, nitapita vipi mbele ya boma lake? Na mbuzi nitamrudisha vipi, ameshakuwa supu? Nikamwambia mwana wetu hapana.

"Basi gari limeenda, mama."

"Halijaenda. Kesho nipeleke mjini kwa mwenye mbuzi."

Nilimkuta kwenye boma la mifugo, anabishana na mnunuzi juu ya fahali. Nikamweleza. Alishika ndevu zake nyekundu za hina, kisha akapiga kelele mpaka yule fahali akageuka.

"Walahi! Mbuzi wangu mmoja amefunga mlango wa kampuni nzima?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Mama, na mimi wameniandikia. Wanasema nimevunja masharti, wanataka kuniacha peke yangu na kesi. Twende huko. Wewe na mimi. Waniambie machoni."

Tukaenda Nairobi, mimi, yeye na mwana wangu. Ofisi ilikuwa juu, tukapanda ngazi. Meneja alikuwa mtu wa makamo, mpole, anaongea polepole kama anayesomea watoto, na yule msichana wa kamera alikuwa ameketi pembeni. Meneja akaeleza tena: kukubali kosa, kupatana.

Mtu wa mifugo akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wewe, mgonjwa akilazwa, unaenda kumwona mikono mitupu?"

"Hapana, naenda na matunda, maziwa..."

"Ukipeleka ndizi, umelipa hospitali?"

Meneja akatabasamu kidogo. "Lakini mzee, ulisema kosa ni lenu."

"Kosa la dereva wangu polisi walishaliandika kabla mbuzi hajajua atakufa. Soma karatasi yako. Mimi nilienda kusema pole kwa mtu niliyemvunja mfupa. Sasa nisikilize. Mimi kazi yangu ni mbuzi. Tangu utotoni nauza mbuzi. Ungenipa wewe gari kwa mbuzi mmoja, ningekuwa hapa? Ningekuwa na magari mpaka Garissa!"

Yule msichana akaficha uso nyuma ya faili, mabega yanatikisika. Meneja naye akacheka wazi. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe mama? Mume wako alisema mambo yaliisha."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na maneno yote yakanipotea. Nikamwambia tu ilivyo. "Yaliisha yale ya moyo, mwanangu. Huyu tukikutana tunasalimiana. Lakini mlango wa gari bado uko ndani, na mbuzi hanyooshi mlango. Mume wangu amekaa kwenye kiti anatazama banda tupu. Daktari amesema asipotembea atakauka. Mimi sikuja kupigana na wewe. Nimekuja kulichukua gari nimpelekee."

Msichana akasema kwa sauti ya chini, "Bosi, mimi nilikuwa kwao. Ndivyo ilivyo. Na nilipoandika kwamba yaliisha, sikuandika kwamba mbuzi alikuwa wa pole, kwa sababu sikujua."

Meneja alitoka, akakaa huko na wakubwa zake, akarudi. Alisema watalipa. Nikaanza kushukuru, akaniinulia mkono. Gari, alisema, kwa hesabu zao limekwisha. Ni la zamani mno, kulitengeneza ni ghali kuliko thamani yake. Watatulipa kama gari bovu, na wao watachukua mabaki.

"Mabaki ndiyo yapi?"

"Gari lenyewe, susu," msichana akasema.

"Basi hatujaelewana bado. Pesa punguzeni. Gari mniachie."

"Mama, ni vyuma tu."

"Hata mimi ni mifupa tu, na nyumbani wananingoja."

Mtu wa mifugo akapiga meza. "Muandikie mama! Mimi nimeuza watu na wanyama macho yao, huyu habadiliki." Hata leo sijui alimaanisha nini, lakini ilisaidia. Wakapunguza, wakatuachia gari.

Lilitoka polisi limefungwa kamba nyuma ya trekta, likapelekwa kwa fundi wa kunyoosha bodi, gereji yake iko chini ya kilima chetu, mahali unapopaona ukisimama kwenye mwembe wetu. Mume wangu alisikia trekta. Akauliza, "Ni nini hicho?" Nikamwambia. Akashika gongo.

Siku ya kwanza alifika mpaka kwenye mwembe, akasimama, akalitazama kwa mbali, akarudi anatokwa na jasho. Baada ya muda akawa anafika kwenye njia panda. Sikumsindikiza. Nilijifanya nachuma kunde. Kabla ya mvua kunyesha akawa anafika gereji, anaketi juu ya gurudumu, anamsimamia fundi.

Fundi akanijia nyumbani, kofia mkononi. "Mwaitu, mama yangu, nakuomba. Mwambie mzee apumzike hata siku moja. Nikigonga nyundo, anasaga meno. Nikipumzika, anauliza kwa nini nimepumzika."

"Mwache aje," nikamwambia. "Nitakuwa nakuletea githeri ya mahindi na maharagwe."

"Ya kutosha watu wawili?"

"Wawili."

Shida ikawa mlango. Ule wa zamani ulikuwa umekunjika kama karatasi ya kufungia sukari, na duka la spea lililokuwa na mlango wa gari lile halikuweko tena. Fundi akatafuta Nairobi, akakosa. Mtu mmoja aliyekuja gereji kuziba pancha akasema gari kama hilo liko Muthetheni, limekaa shambani miaka, mlango wake mwenye shamba ameutia kwenye zizi la ndama kuwa kilango. Mume wangu akataka kwenda mwenyewe. Nani alimpeleka? Yule kijana dereva wa lori. Mwenye lori alimtuma, lori likiwa tupu, na mume wangu akapanda mbele kwa kuinuliwa makalio. Walirudi na mlango wa buluu uliokwaruzwa na pembe, na mwenye ndama alikuwa amepewa mbao za kilango kipya. Mume wangu aliniambia kijana aliendesha taratibu mpaka baiskeli zikawapita.

"Ulimwambia apunguze?"

"Sikumwambia kitu. Mimi mwenyewe nilitaka kumwambia aongeze."

Rangi ya krimu fundi aliichanganya, akaichanganya tena, haikulingana. Mlango ulitoka mweupe kidogo kuliko mwili wote. Jua likipiga unaona. Nikaogopa mume wangu atasema nini, mtu aliyekuwa akikataza njugu.

Siku ya kulichukua alishuka kilima kwa gongo lake, mimi nyuma yake. Alilizunguka gari. Akausimamia ule mlango, akaufungua, akaufunga, akasikiliza. Akaufungua, akaufunga tena.

"Huu si wangu," mume wangu akasema. "Lakini unafunga."

Akatoa kiwembe mfukoni. Sikujua alikuja nacho. Akamwomba fundi maji ya moto ya chai, akainama kwenye kioo cha pembeni, akaanza kunyoa zile ndevu zote, pale gereji, watu wanapita barabarani wanasalimia. Nilikaa juu ya gurudumu nikimngoja. Alipomaliza, uso ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka, na umekatika mahali pawili.

"Ingia," akaniambia.

"Twende wapi?"

"Kwa mwenye mbuzi. Lazima aone."

Aliendesha polepole, mguu ukimwuma nikimwona anakunja midomo, lakini hakusimama. Tulipofika kwenye boma la mifugo, lori lile lile lilikuwa limeegeshwa langoni, na yule kijana amekaa kwenye usukani. Mwenye mbuzi akatuona kabla hatujapiga honi. Akakimbia ameshika pindo la kanzu kwa mkono mmoja, akipunga wa pili hewani, akimpigia kijana kelele:

"Ondoa lori! Ondoa, ondoa kabisa! Mzee anapita!"